Nimechota pesa ya tofali nikalipia matangazo, mke wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, naishi Tabata na mke wangu na watoto wetu wawili. Nimeajiriwa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Mshahara unatosha kodi ya nyumba na ada, basi. Kabla ya hapo nilikuwa winga Kariakoo, yule wa kuwapeleka wateja madukani kwa kamisheni, kwa miaka minne, Mtaa wa Aggrey, upande wa simu. Mke wangu anapika vitumbua na chapati kila alfajiri na, ukweli niuseme, mwaka huu yeye ndiye aliyeibeba nyumba.

Mwezi wa tatu tulivunja kikoba. Tukaunganisha chake na changu ikafika 3,600,000. Humo, zaidi ya milioni mbili ni za kwake. Tulikubaliana ni pesa ya tofali na msingi kwenye kiwanja chetu cha Chanika. Tukaiweka kwenye akaunti yangu ya benki kwa sababu yeye hana.

Wiki mbili baadaye rafiki akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la mwalimu anayefundisha afilieti. Nilidhani ni upatu, nikataka kutoka, lakini nilipofuatilia nikaona sivyo. Unajiunga bure na kampuni inayouza kitu mtandaoni, wanakupa linki yako, mtu akinunua kupitia linki hiyo unapata kamisheni. Na ili usikae kusubiri watu, unalipia tangazo litokee juu kabisa pale mtu anapotafuta kitu hicho mtandaoni. Kila akibofya mtu, unakatwa. Mwalimu alitutumia skrinshoti za dola. Nikalipa kozi 250,000 kutoka pesa ya tofali.

Nilichagua kampuni ya nje inayouza ziara kwa watalii, kwa kuwa Zanzibar naifahamu. Mashamba ya viungo, Kisiwa cha Changuu, Jozani. Ziara moja wastani wake ni dola 60, na mimi napata asilimia 8. Tangazo la kwanza lilikataliwa. Mwalimu akanielekeza nitengeneze ukurasa mmoja wenye picha na kitufe cha kumpeleka mtu kwa kampuni, likapita. Nikaweka bajeti ya 20,000 kwa siku, ingawa kuna siku niliamka nikakuta zimekatwa 38,000, tumbo likanikata.

Baada ya siku 20 nina mibofyo 340 na nimelipa 398,000. Watu sita walibuki, wawili wakaghairi. Waliobaki wananipa kama dola 19, nazo silipwi mpaka wamalize ziara zao. Kilichonitia moyo ni kwamba wanne kati ya wale sita walitokea kwenye neno moja tu kati ya maneno ya utafutaji niliyoyalipia, nalo ni jina lenyewe la kampuni. Mwalimu anasema ugonjwa wangu ni woga. Mashine ya matangazo inahitaji kujifunza, nipandishe bajeti hadi laki moja kwa siku.

Wiki iliyopita akaunti yangu ya matangazo imefungiwa. Wanasema ukurasa wangu hauna kitu chake wenyewe. Mwalimu anasema dawa ni kufungua akaunti nyingine kwa kitambulisho cha mtu wa karibu. Kitambulisho cha NIDA cha mke wangu kipo kabatini.

Zimebaki 2,952,000. Rafiki mwingine ananiambia nisiguse tena pesa ya tofali, nikakope kwa wale wa kausha damu, wenye riba kali, nitalipa nikipata. Fundi anakuja mwisho wa mwezi. Jumapili mke wangu aliniuliza huku anaosha vyombo, "Baba Nasri, ile pesa ya tofali ipo?" Nikajibu, "Ipo."

Shangazi, nisimame au niendelee? Nahisi nimekaribia sana. Na mke wangu nimwambie sasa, au nikisharudisha?

Winga wa zamani, Tabata

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi. Wengi wanaoniandikia habari za pesa husema "nimepoteza nyingi" na kuishia hapo. Wewe umetaja kila namba, hata zile zinazokuchoma. Nimeshika hizo namba, maana zinasema mambo ambayo barua yenyewe haikuyasema.

Unauliza kama uendelee na matangazo, na lini umwambie mkeo. Katikati ya hayo mawili kuna kitambulisho cha kabatini, ambacho umekipita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nitakirudia.

Kwanza, hisia yako kwamba huu si upatu ni sahihi. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2009 tunaikumbuka DECI, ambako faida ya aliyeingia jana ilikuwa pesa ya aliyeingia leo. Hapa mtalii analipia ziara na ziara anaipata. Amazon wana mpango wa namna hii tangu 1996. Kazi ni halali. Lakini teksi nayo ni halali, na wapo wanaoiendesha mwaka mzima wakimfanyia kazi mwenye kituo cha mafuta.

Sasa nikurudishe Aggrey kidogo. Ulipokuwa winga ulisimama nje, ukamdaka mteja, ukampeleka duka la ndani, akinunua unapata chako. Asiponunua umepoteza mate na dakika kumi. Hebu fikiria Aggrey yenye mlinzi anayekudai 1,170 kwa kila mteja unayemshika mkono, anunue asinunue. Hiyo ndiyo bei yako ya mbofyo mmoja, nimegawa 398,000 kwa 340. Mteja akinunua, kamisheni yako ni dola 4.80, tuseme 12,500. Ili pesa iliyotoka irudi tu, bila hata senti ya soda, inabidi katika kila watu kumi hivi anunue angalau mmoja. Wewe umepata mmoja katika 57, na ukiwatoa walioghairi, mmoja katika 85. Mteja mmoja wa kweli amekugharimu karibu laki moja, akakuletea elfu kumi na mbili na nusu.

Ungekuwa bado Aggrey, ungewashika mikono wangapi kabla hujaanza kuwachagua kwa macho?

Kwa hiyo hapo kwenye "nimekaribia sana", naomba tukae kidogo. Umekaribia nini? Nimejaribu kupiga hesabu ya laki moja kwa siku kwa mwendo huu huu. Pesa yote iliyobaki inaisha kabla mwezi haujaisha, inaleta mibofyo kama 2,500, wateja kama 30, na kamisheni isiyofika laki nne. Mwendo unaweza kubadilika, sikatai, na nitakuonyesha wapi. Ila bajeti ikipanda bila kitu kingine kubadilika, hasara nayo inapanda.

Mwalimu wako anasema mashine inajifunza. Ni kweli inajifunza, ikiambiwa nani amenunua. Lakini watu wako hawanunui kwenye ukurasa wako, wananunua kwa kampuni. Kama hakuna namna uliyoiweka ya kurudisha taarifa za waliobuki kwenye akaunti yako ya matangazo, mashine inaona wabofyaji tu, na itakachojifunza ni kukutafutia wabofyaji zaidi. Kwenye barua sikuona mahali ulipofundishwa hilo. Muulize. Muulize pia zile skrinshoti: ni pesa iliyoingia, au iliyobaki baada ya kulipia matangazo? Na kipato chake mwenyewe, kikubwa kinatoka kwenye matangazo au kwenye kozi za 250,000? Simtuhumu. Wewe ni mteja wake na una haki ya kuuliza kama mteja yeyote.

Kwenye wale wanne waliotokea kwenye jina la kampuni, niliweka kalamu chini. Wewe umelisoma hilo kama habari njema. Mimi nimemuona winga aliyemshika bega mteja ambaye mguu mmoja ulishaingia dukani, halafu akaenda kwa mwenye duka kudai, "Huyu nimemleta mimi." Unajua angekujibu nini. Mtu aliyeandika jina la kampuni alikuwa anakwenda kwenye kampuni hiyo. Ndiyo maana mipango mingi ya afilieti ina kifungu kinachokataza kununua jina lao kama neno la tangazo, na adhabu yake ni kunyimwa kamisheni au kutolewa. Amazon wanakwenda mbali zaidi: hawaruhusu washirika wao kuwapelekea watu moja kwa moja kwa matangazo ya kulipia ya kwenye utafutaji. Yasome masharti uliyobofya "nakubali". Huenda hata hizo dola 19 haziko salama.

Mpwa wangu anasimamia matangazo ya hoteli huko Unguja, nikaazima kichwa chake (alinilipisha kwa bagia za kunde). Kasema kwenye Google kila mtu anapotafuta kitu unafanyika mnada wa kufumba na kufumbua. Ila si kama mnada wa Feri, ambako mwenye pesa ndefu anaondoka na jodari. Huku wanaangalia pia kama tangazo lako linajibu alichouliza mtu na kama ukurasa wako una maana. Neno lako linapewa alama kati ya 1 na 10, na mwenye ubora anaweza kukaa juu ya jirani aliyetaja bei kubwa kuliko yake. Hapo nafasi ya mtu mdogo ipo. Shida ni uliokutana nao mnadani. Kampuni yenyewe imo, wenye boti wamo, na wote wanabakiwa na fungu kubwa kuliko asilimia 8 yako. Mbofyo wa 1,170 kwao unaweza kuwa rahisi, kwako ni mzigo.

Akaniambia nikuulize kama umewahi kufungua ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika hasa. Si yale uliyonunua wewe, yale waliyoandika wao. Ukiliacha neno wazi sana, tangazo la ziara linamtokea anayetafuta nauli ya boti, kazi za hotelini, au hali ya hewa ya Nungwi. Maneno hayo unaweza kuyazuia. Na mipangilio ya eneo, usipoigusa, inachukua walioko mahali ulipopachagua pamoja na wanaoonyesha kupapenda. Inawezekana kijana wa Ubungo aliyetaka kujua boti ya saa tisa inarudi lini amekula 1,170 zako.

Na ile 38,000 haikuwa wizi. Bajeti ya siku kwenye Google ni wastani: siku moja inaweza kula hadi mara mbili, lakini mwezi mzima hauzidi bajeti hiyo mara 30.4. Mtu anayekutoza 250,000 alipaswa kukuambia hili siku ya kwanza, tumbo lako lisikatike bure.

Sasa kabatini.

Ukurasa wa picha na kitufe ni mlango wa kupitia tu, na Google wanataka ukurasa unaompa msomaji kitu chake wenyewe. Akaunti ikifungiwa kuna njia ya kukata rufaa, ndefu na ya kuchosha. Kufungua nyingine kwa jina la mtu ili kulikwepa katazo wanakuita kukwepa mfumo, na ni katika makosa wanayofungia bila onyo. Jina litakaloharibika hapo ni la mkeo. Kesho akitaka kutangaza vitumbua vyake kwa jina hilohilo, atakuta limeshachafuliwa na hajui lini. Hilo ni upande wa mitandao. Upande wa nyumbani nakuachia swali: kwa nini kuchukua kadi yake kumekuwa rahisi kuliko kumuuliza?

Nadhani najua kipande cha jibu, na kama nimekosea utanisamehe. Uliandika "ukweli niuseme, mwaka huu yeye ndiye aliyeibeba nyumba." Mtu hasemi "ukweli niuseme" kwa jambo lisilomuuma. Nahisi ulitaka siku moja uingie nyumbani na wewe umeshika kitu. Hilo si kosa, mwanangu. Lakini ukiwa na kiu hiyo, kila anayekuambia "tatizo lako ni woga" anakupata pabaya.

Tuangalie njia zilizo mbele yako. Unaweza kuacha kabisa. Hasara ya njia hiyo ni kwamba 648,000 zimekwenda, na kama hukuelewa kwa nini ilishindikana, mwakani mtu atakuja na skrinshoti nyingine nawe utakuwa bado na kile kihisia cha "nilikaribia". Unaweza kuendelea kwa udogo, baada ya rufaa, kwa pesa ya mshahara wako, kiasi ambacho kikipotea hakuna anayelala njaa, ukiwa na maneno mawili au matatu ya mtu aliyekwisha kuamua kununua, na alama tofauti kwenye linki kwa kila neno ili ujue lipi limeleta mteja. Hatari yake ni kwamba hata ukifanya vizuri, asilimia 8 ya dola 60 inaweza isitoshe kamwe kulipia mbofyo, na ukalazimika kutafuta bidhaa yenye kamisheni nono zaidi. Au uandike ukurasa wa kweli kuhusu Zanzibar unayoifahamu, bila kulipia tangazo, watu waje kidogo kidogo. Hiyo haili pesa, inakula miezi, na hakuna aliyekuahidi kwamba watakuja.

Ipo nyingine nimeiona kwa kuwa wewe ni mtu wa Kariakoo. Wenye maduka wengi wanataka kutangaza mtandaoni na hawajui pa kuanzia. Kumsimamia mtu matangazo kwa malipo ni kazi, na huko mbofyo analipa mwenye duka. Lakini una uzoefu wa siku 20, na pesa ya mtu inauma kuliko yako. Ukiifikiria njia hii, mwambie mtu huyo siku 20 hizo zilikwendaje.

Kwenye kausha damu sitajifanya nina mizani. Riba yao inadaiwa kila wiki, na kamisheni yako inalipwa mtalii akishamaliza ziara yake. Tarehe hizo mbili hazikutani popote.

Kuhusu mkeo, unafikiria kurudisha kwanza ndipo useme. Nimejiuliza utarudisha kutoka wapi. Mshahara umesema ni wa kodi na ada. Fundi anakuja mwisho wa mwezi, atapiga hesabu ya tofali mbele yenu wote, na inaweza kuwa yeye ndiye atakayemwambia kwamba pesa haitoshi. Kusema sasa nako kuna gharama, sikufichi. Anaweza kukasirika hadi akaita wazee. Anaweza kutaka pesa yote iondoke kwenye akaunti yako, na zaidi ya nusu ni yake. Anaweza kunyamaza, na kwa wanawake wengine hilo ndilo zito zaidi. Wewe unamjua, mimi simjui.

Ila ninalo neno moja juu yake. Mkeo ananunua unga wa mchele, mafuta, sukari na mkaa, na kabla jua halijachomoza anajua kitumbua kimoja kimemgharimu shilingi ngapi na avipike vingapi ili asirudi na hasara. Hesabu niliyoifanya hapa kwa kalamu na msaada wa mpwa, yeye anaifanya kichwani kila siku. Ungemwonyesha namba zako tangu siku ya kumi, sidhani kama angekuambia upandishe bajeti. Umeomba ushauri kwa mwalimu wa grupu, kwa marafiki wawili na kwangu. Mhasibu wa nyumba ndiye pekee ambaye hajaulizwa.

Ukiamua kuzungumza naye, usiseme alfajiri mafuta yakiwa motoni, wala mbele ya watoto. Ngoja jioni anapohesabu mauzo. Anza na lile jibu la "ipo", kabla ya habari za mashine na mibofyo. Kisha mpe namba kama ulivyonipa mimi, zote, na ile 38,000. Akitaka kuandika, muache aandike kwenye daftari lake.

Niandikie fundi akishapita.

Shangazi